Kenya yarudisha hisabati kwa wote: Je, mtu mzima huitumia hesabu ya darasani?

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi nchini Kenya waliingia Gredi ya 10, ngazi ya kwanza ya sekondari ya juu. Wote, wakiwamo waliochagua sanaa na michezo, walikuta hisabati katika ratiba zao. Mwaka mmoja kabla ya hapo mpango ulikuwa mwingine kabisa.

Machi 2025 masomo ya lazima yaliyotangazwa kwa ngazi hiyo yalikuwa Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, elimu ya viungo na mafunzo ya huduma kwa jamii. Hisabati haikuwamo. Ilitarajiwa kubaki ya lazima kwa mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi, ilhali wanafunzi wa sayansi ya jamii na wale wa sanaa na michezo wangeichukua wakitaka. Walimu, wahandisi na wazazi walipinga kwa sauti kubwa. Aprili mwaka huohuo Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alitangaza kwamba somo hilo litabaki kwa kila mwanafunzi, ila kwa sura mbili: hisabati ya kina kwa mkondo wa sayansi, na hisabati nyepesi zaidi, ya mambo muhimu, kwa mikondo mingine miwili.

Uamuzi huo ulituliza mzozo, lakini haukujibu swali lililouzusha. Kwa miaka mingi vijana wa Afrika Mashariki wamewauliza walimu wao: hizi hesabu nitazitumia wapi? Jibu walilopewa mara nyingi lilikuwa kwamba zitakuja kwenye mtihani. Kwa kuwa sasa Kenya imeahidi hisabati ya mambo muhimu, mtu ana haki ya kuuliza muhimu kwa nani, na kwa kazi gani.

Kinachotumika na kisichotumika

Tuseme ukweli bila kupamba. Mtu mzima asiyefanya kazi ya ufundi, sayansi au fedha hupitisha miaka bila kukutana na mlinganyo wa kipeo cha pili. Hahitaji matriksi, wala hatafuti saini na kosaini ya pembe. Anayedai kwamba kila mada ya kidato cha nne hutumika sokoni hawasaidii watetezi wa somo hili, kwa maana msikilizaji hutazama maisha yake mwenyewe na kuona kwamba si kweli.

Lakini upo upande wa pili. Mtu huyohuyo hukutana kila wiki na uwiano, asilimia, vipimo, wastani, ukuaji wa deni na makisio ya bahati. Fundi rangi hukadiria ukubwa wa ukuta kabla ya kununua ndoo. Muuguzi hugawa dozi kwa uzito wa mtoto. Mkulima hupima mbolea kwa ekari, na mweka hazina wa chama au kikoba hugawa faida kwa hisa. Karibu mada zote hizo hufundishwa katika shule ya msingi na miaka ya mwanzo ya sekondari, kisha hupitwa haraka ili kuwahi yale yanayoulizwa kwenye mtihani wa mwisho.

Basi tatizo la kwanza ni la mizani. Mada anayoihitaji kila raia hupewa wiki chache akiwa na umri wa miaka 12, wakati ambapo hana mshahara, mkopo wala kodi ya kumfanya aone maana yake. Anapofika umri wa kuviona vitu hivyo kwa karibu, darasa limekwisha kuhamia kwingine.

Soko na ubao

Wapo wanaosema kwamba hesabu za maisha hujifunzwa katika maisha yenyewe. Wanamtaja mama muuza nyanya ambaye hakumaliza darasa la saba, naye hurudisha chenji bila kukosea, au kondakta anayekusanya nauli za abiria 30 huku gari likikimbia. Hoja hiyo ina uzito, na imechunguzwa.

Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu watoto wachuuzi katika mji wa Recife, Brazil. Waliwauliza maswali ya bei wakiwa kwenye meza zao za biashara, nao wakajibu sahihi kwa asilimia 98. Baadaye waliwapa hesabu zilezile kwenye karatasi. Zilipoandikwa kama hadithi fupi, usahihi ulishuka hadi asilimia 74. Zilipoandikwa kama tarakimu tupu, ulishuka hadi asilimia 37.

Mtoto mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, ikiwa moja ni cruzeiro 35. Shule ingemfundisha kuongeza sifuri mbele ya 35. Yeye alijua kwamba nazi tatu ni 105, akaendelea kujumlisha tatutatu hadi tisa, kisha akaongeza moja na kupata 350. Alikuwa sahihi, ila njia yake haikuwa ya ubaoni.

Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa nchini India na kundi ambalo miongoni mwao ni Abhijit Banerjee na Esther Duflo, washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wao walitazama pande zote mbili. Watoto wanaofanya kazi sokoni walipiga hesabu ngumu za biashara kichwani, lakini walishindwa na hesabu nyepesi za shuleni. Wanafunzi wasiofanya kazi waliziweza hesabu za shuleni, lakini wakakwama walipopewa za sokoni.

Matokeo haya huwapa fundisho watu wa pande zote mbili za mjadala. Anayesema kwamba maisha yanatosha kufundisha aone kwamba ujuzi wa sokoni hubaki sokoni: mchuuzi anayejua bei ya nazi hana njia iliyo tayari ya kuchambua mkataba wa mkopo. Naye anayesema kwamba darasa linatosha aone kwamba ujuzi wa ubaoni haushuki wenyewe hadi mtaani. Daraja kati ya sehemu hizo mbili halijijengi. Lazima lifundishwe.

Mkopo, mkeka na mbegu

Gharama ya kukosa daraja hilo huonekana wazi kwenye mikopo. Huduma ya M-Shwari ilipoanza nchini Kenya Novemba 2012, mkopo wake ulitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Aliyekopa shilingi 10,000 alirudisha 10,750. Kwa jicho la haraka hiyo ni hela ndogo. Lakini anayekopa kiasi hichohicho kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa ada za shilingi 9,000 juu ya mtaji usiozidi 10,000, yaani asilimia 90. Baadhi ya programu za simu zilizofuata zilikuwa ghali zaidi, hata Kenya ikaweka kanuni maalumu za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022 chini ya Benki Kuu.

Kwetu Tanzania jina la mikopo ya aina hiyo linajieleza lenyewe: kausha damu. Tuchukue mfano wa shilingi milioni moja, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa miezi 12. Mkopeshaji wa kwanza hutoza riba juu ya kiasi cha awali hadi mwisho, hata kama umekwisha kulipa nusu. Riba yake ni shilingi 420,000. Wa pili hutoza juu ya salio linalobaki. Riba yake, kwa marejesho yaliyo sawa kila mwezi, ni takriban shilingi 242,000. Matangazo yao yote mawili yataandika asilimia 3.5. Tofauti ya shilingi 178,000 imejificha katika swali moja ambalo mkopaji hakuliuliza: asilimia 3.5 ya nini?

Mkeka wa kubeti ni somo jingine. Kijana anayeweka mechi 10 katika tiketi moja huangalia kila mechi peke yake na kuona kwamba timu aliyoichagua ina nguvu. Tuseme kila moja ina nafasi ya asilimia 70 ya kushinda. Nafasi ya zote 10 kushinda kwa pamoja ni 0.7 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi, nayo ni chini ya asilimia 3. Katika mikeka 100 ya namna hiyo, takriban 97 huchanika. Hilo si suala la mikosi wala la mwamuzi mbaya. Ni mada ya uwezekano, ambayo kwa wanafunzi wengi ni ya mwishomwisho katika kitabu.

Kisha kuna michezo ya upatu. Watanzania wanaikumbuka DECI, iliyovunjwa na serikali mwaka 2009 baada ya maelfu ya watu kupanda mbegu wakitarajia kuvuna. Wakenya nao walikuwa wamepoteza akiba zao katika michezo ya piramidi miaka michache kabla ya hapo. Kinachoiangusha michezo hii ni hesabu kabla ya kuwa uhalifu. Mchezo ukimtaka kila mtu alete wenzake sita, mzunguko wa kwanza una watu sita, wa pili 36, wa tatu 216. Mzunguko wa kumi peke yake unahitaji watu 60,466,176. Ukijumlisha na mizunguko tisa iliyotangulia unapata zaidi ya milioni 72. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, vichanga wakiwamo. Mwanafunzi aliyeizidisha sita kwa sita hadi mwisho, kwa mkono wake, hahitaji onyo la polisi ili ajue kwamba walio chini lazima wapoteze.

Wahenga walionya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la leo limo ndani ya simu, nalo huandikwa na yule anayekudai.

Raia na asilimia

Matumizi ya hisabati hayaishii mfukoni. Katika chumba cha habari, mtafsiri hukutana na takwimu kila saa, na huona jinsi sentensi moja isiyo makini inavyobadili maana ya sheria nzima.

Julai 2023 Kenya ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Je, ongezeko hilo ni la kiasi gani? Kodi yenyewe ilikuwa maradufu, yaani imepanda kwa asilimia 100. Kiwango chake kilipanda kwa pointi nane za asilimia. Mambo mengine yakibaki kama yalivyo, kitu cha shilingi 100 kabla ya kodi kilitoka bei ya 108 hadi 116, ambalo ni ongezeko la takriban asilimia 7.4 kwa mnunuzi. Majibu yote matatu ni sahihi. Mwanasiasa wa upinzani huchagua la kwanza, waziri huchagua la tatu, na msikilizaji asiyejua tofauti hudhani kwamba mmoja wao ni mwongo.

Mfano mwingine ni mchango wa bima ya afya ya jamii ulioanza kukatwa nchini humo Oktoba 2024, kwa kiwango cha asilimia 2.75 ya mshahara na kima cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi. Katika mfumo wa zamani mwenye mshahara wa 20,000 alilipa 750. Sasa hulipa 550. Mwenye 100,000 alilipa 1,700. Sasa hulipa 2,750. Kwa hiyo wapo waliopata nafuu na wapo walioumia, na kila mmoja angeweza kujua yumo kundi gani kwa kuzidisha mara moja. Lakini angalia pia kima cha chini. Mwenye mshahara wa 6,000 hulipa 300, ambazo ni asilimia 5 ya kipato chake, karibu mara mbili ya kiwango kilichotangazwa. Yeyote anayepata chini ya shilingi 10,909 hulipa zaidi ya asilimia 2.75. Jambo hilo halihitaji mchumi kulibaini. Linahitaji mtu aliyezoea kugawanya.

Mwaka 2024 vijana wa Kenya waliusoma muswada wa fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri na kuujadili mitandaoni, hadi Rais William Ruto akakataa kuutia saini baada ya maandamano makubwa ya Juni. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu siasa za siku zile. Lililo wazi ni kwamba muswada wa kodi ni waraka wa hesabu, na taifa ambalo nusu ya raia wake hawawezi kuusoma hulazimika kuwaamini wachache wawasomee.

Je, hisabati hunoa akili?

Watetezi wa somo hili wana hoja nyingine ya kale: hata kama mtu hataitumia fomula, kujifunza fomula kunainoa akili, kama jiwe linavyonoa panga. Hoja hii inapendeza, ila ushahidi wake ni mwembamba kuliko tunavyodhani. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alichapisha matokeo ya kuwapima maelfu ya wanafunzi wa sekondari kabla na baada ya mwaka wa masomo. Alikuta kwamba aina ya somo walilosoma, iwe hisabati, Kilatini au jingine, ilichangia kidogo sana katika tofauti zao za uwezo wa kufikiri.

Hii haimaanishi kwamba hisabati ya kina haina thamani. Ina thamani kubwa kwa sababu mbili nyingine. Kwanza, ni mlango: uhandisi, udaktari, takwimu, ubaharia na urubani haviingiliki bila hiyo, na mtoto wa miaka 15 hajui bado atataka kupitia mlango upi. Pili, ni urithi wa binadamu kama ilivyo fasihi, na wapo watakaoipenda kwa uzuri wake wakipata mwalimu mzuri. Lakini sababu hizo zitajwe kwa majina yake. Kumwambia kijana kwamba matriksi yatamsaidia dukani ni kumfundisha kutoamini lolote jingine tutakalomwambia kuhusu somo hilo.

Lazima si sawa na kujua

Kabla ya kushangilia neno lazima, Kenya inaweza kutazama kusini mwa mpaka. Tanzania haijawahi kuacha kumlazimisha mwanafunzi wa kidato cha nne afanye mtihani wa hisabati. Hata hivyo, katika matokeo ya miaka ya karibuni waliofaulu somo hilo wamekuwa kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa wanne tu, na alama 30 kwa 100 zinatosha kuhesabiwa ufaulu. Maana yake ni kwamba wengi mno wamekaa mbele ya ubao kwa miaka 11 na kutoka wakiwa na jambo moja waliloshika vyema: kwamba hisabati si yao.

Funzo hilo la hofu nalo hutumika utu uzimani. Mtu aliyeamini akiwa na miaka 14 kwamba hesabu ni za wengine hutia saini mkataba bila kuuliza, kwa kuwa kuuliza kungemfanya aonekane mjinga.

Wazo la kuwa na hisabati za ngazi mbili si geni katika ukanda huu. Uganda huwataka wanafunzi wa kidato cha tano na sita wachukue hisabati ya ziada au teknolojia ya habari kama somo dogo. Tanzania nayo ina hisabati tumizi ya msingi kwa baadhi ya tahasusi ambazo hazina hisabati ya juu. Tofauti ni kwamba nchi hizo hugawa njia baada ya kidato cha nne, ilhali Kenya inagawa mwanzoni mwa Gredi ya 10, mapema kwa takriban miaka miwili.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mwanafunzi wa shule isiyo na mwalimu wa kutosha wa hisabati hatachagua njia nyepesi kwa sababu ya kipaji cha sanaa. Ataichagua kwa sababu nyingine haikufundishwa. Baadaye, akitaka kuwa muuguzi au fundi umeme, atakuta cheti chake hakimruhusu. Hisabati nyepesi ikiwa na sifa ya somo la walioshindwa, itakuwa imefunga mlango kwa jina la kuufungua.

Swali linalobaki

Kwa hiyo je, masomo ya hisabati yana faida kwa mtu mzima? Yana faida kubwa, lakini si yote, na si kwa namna yanavyofundishwa katika madarasa mengi ya ukanda wetu. Asilimia, uwiano, ukuaji, takwimu na uwezekano ni zana za kila siku za mkopaji, mlipakodi, mpiga kura na mgonjwa. Zana hizo zina haki ya kufundishwa kwa kina wakati kijana anakaribia kuzitumia, kwa hati za mishahara, mikataba ya mikopo, bili za umeme na miswada halisi.

Kenya sasa ina nafasi ambayo majirani zake hawajaipata: somo jipya, lenye jina la mambo muhimu, kwa mamia ya maelfu ya vijana ambao hawatakuwa wahandisi. Likijazwa aljebra ileile iliyopunguzwa maswali magumu, litarithi chuki ileile. Likijazwa maisha, huenda ikawa mara ya kwanza kwa wengi wao kuona kwamba hesabu inawahusu.

Kundi hilo la kwanza litamaliza Gredi ya 12 mwishoni mwa mwaka 2028. Alama zao za mtihani zitatangazwa na kujadiliwa kwa siku chache, kama ilivyo desturi. Kipimo kizito zaidi kitakuja kimyakimya miezi michache baadaye, watakapofikisha umri wa miaka 18 na simu zao kuanza kuwapigia kengele: umepewa mkopo, bonyeza moja kukubali. Ikiwa wengi wao watasita kidogo na kuuliza asilimia hiyo ni ya nini, somo litakuwa limefaulu.